Ncha ya Jibini

Sijawahi kumdharau mtu kwa umaskini wake. Mimi mwenyewe nimetoka huko. Lakini mtu mwenye nafasi ya kujifunza akakataa, huyo namdharau bila kuomba radhi. Gaëtan Pouzol, muuza madirisha, alikuwa mmoja wao, na dada yangu Odette, mjane mwenye mvi, alitaka kuolewa naye.

"Siendi kufunga ndoa kwa meya bila wewe kuwa shahidi wangu, kaka Firmin," aliniambia. "Kula naye kwanza. Ukisema hapana, namwambia hapana."

Nikawaita mkahawani kwangu, karibu na stesheni ya treni ya Mashariki, hapa Paris. Nasema kwangu kwa sababu nimekula pale kila Alhamisi tangu nilipokuwa fundi wa karakana nikisoma shule ya usiku. Adabu ya meza niliisoma kitabuni, na mazoezi nikayafanyia pale, chini ya vioo vikubwa vya ukutani, nikiwa na suti moja tu.

Pouzol aliingia akitafuna ubani. Akajitupa kwenye benchi la ngozi upande wa ukutani, mahali pa mwanamke tangu Paris iwe Paris, akamwachia Odette kiti, mgongo wake ukiwaelekea watu wote.

"Shemeji!" akanipiga begani. "Kumbe unatesa huku!"

"Bado hatujawa mashemeji."

"Anajivuta tu huyu," akamkonyeza Odette.

Mhudumu Anselme akaja, aproni yake nyeupe ikigusa vifundo vya miguu. Pouzol akaagiza nyama mbichi ya kukatakata, ile inayoliwa bila kupikwa, yenye kiini cha yai juu. Nikaanza kumfikiria vizuri. Kisha akaongeza:

"Ila iive sawasawa, mkubwa. Mimi sili kitu kinachoweza kuitikia salamu."

"Tunaweza kuipika, bwana," alisema Anselme, "lakini hapo itakuwa chakula kingine, na jina lake silijui."

Watu wa meza ya jirani wakaangua kicheko. Pouzol akacheka kuwashinda wote, asijue anayechekwa ni nani. Mvinyo mwekundu ulipoletwa, akaomba barafu. Nikatazama dari. Nikamkumbuka marehemu Lucien, mume wa kwanza wa Odette, karani wa mahakama. Ungemwona Lucien na uma wake ungedhani anapiga fidla. Kutoka kwa mtu yule kushukia kwa huyu! Jibu langu lilikuwa tayari mdomoni. Nilisubiri tu tumalize, maana mtu hafukuzwi akiwa na chakula kinywani.

Ikaja jibini, kipande cha pembetatu. Kwetu kipande hicho hukatwa kwa urefu, ili kila mtu apate ncha laini kidogo na ganda kidogo. Kukata ncha ni kuwanyang'anya wenzako utamu mbele ya macho yao. Pouzol akashika kisu, akaikata ncha yote.

"Bwana Pouzol," nikasema kwa sauti ya kusikika meza ya jirani, "ncha haikatwi. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Najua, shemeji. Mama alinizaba makofi kwa hilo hilo." Akaiweka ncha kwenye sahani ya Odette. "Lakini huyu anapenda hapa laini. Ganda linamchefua."

Nikamgeukia Odette nione aibu yake. Alikuwa keshaanza kula.

"Unapenda ncha?" nikamuuliza.

"Tangu utoto, kaka."

"Lucien hakuwahi kuniambia."

"Lucien hakuwahi kuniuliza. Alikata kwa urefu, vizuri kabisa, na mimi nikameza ganda miaka yote ile nikitabasamu." Akajifuta midomo. "Haya, sema. Ndiyo au hapana?"

Kwa mara ya kwanza siku ile, Pouzol aliacha kutafuna. Tai yake ilikuwa na haradali. Asiyejua sheria ni mjinga. Anayeijua akaivunja ni mshenzi, na sijabadili msimamo huo mpaka leo.

"Nitasaini," nikasema. "Lakini karamu mkafanyie kwenu. Hapa mimi nina jina."