Tisa ya Bwana Mkali

Kigemu kipya cha mkononi kilifika Jumanne mchana, ndani ya boksi jepesi kama limejaa hewa tupu, na kabla hata ya kukata gundi Bi Mpole alishajua mumewe angesema nini. Angelipima boksi kiganjani, angekitoa kigemu, angekinusa, halafu angesema kwa uso mkavu, "Hiki kimetengenezwa na mtu mwenye haraka ya kwenda kula." Lakini mume hakuwepo. Alifunga virago mwezi wa pili, na sasa ulikuwa wa kumi.

Bi Mpole si jina alilopewa na wazazi wake. Wasomaji ndio waliombatiza. Kwa miaka sita yeye na mumewe waliendesha ukurasa mtandaoni wa kupima vigemu vya mkononi vya bei nafuu, vile vinavyocheza michezo ya zamani, ya enzi zile shujaa alipokuwa vipande vya mraba thelathini na bado mtu akamlilia akianguka shimoni. Waliosoma ni watu ambao wakinunua kitu kibovu hawana cha pili: wauguzi, walinzi wa mageti, wazazi. Kila kigemu kilipata alama mbili kati ya kumi, moja ya mke na moja ya mume. Ya mke siku zote ilikuwa na huruma, ya mume haikuwa nayo hata chembe. Ndiyo maana yeye akawa Bi Mpole na mume akawa Bwana Mkali, na tuseme ukweli, watu walisoma maelezo ya mke lakini walinunua kwa alama ya mume. Bwana Mkali akitoa saba, watu waliagiza bila kuuliza mara mbili.

Walikuwa na utaratibu wao, na waliushika kama dini. Meza moja, viti viwili vinavyotazamana. Siku tatu za kucheza kwa zamu, bila kusemezana lolote juu ya kigemu. Siku ya tatu kila mmoja anaandika alama yake kwenye kipande cha karatasi, anakikunja, anakitumbukiza kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Kisha wanavifungua pamoja. Sheria ya kunyamaza aliileta mume. "Tukiongea kwanza utanivuta upande wako," alimwambia. "Wewe hata kitasa kibovu unakionea huruma."

Mume huyo aliondoka bila ugomvi, na huko ndiko kuondoka kubaya zaidi, maana mwachwa hana hata tusi moja la kujishikilia. Alisema amechoka, hana kinyongo, mpaji ni Mungu. Akachukua nguo zake na mto mmoja.

Wiki ya tatu baada ya hapo kilikuja kigemu kingine cha kupima. Bi Mpole alicheza siku zake tatu, akaandika alama yake, akaikunja, akaitia kikombeni. Alipochungulia akakuta kile kikaratasi kimoja kimejilaza chini, na roho ikamuuma kweli kweli. Akainuka, akazunguka meza, akakaa kwenye kiti cha mumewe. Akaandika tano, kwa mwandiko ule wa kulala upande, akikandamiza kalamu kama alivyokandamiza yeye. Halafu akarudi kwake, akavifungua vyote viwili.

Akazichapisha alama zote mbili ukurasani, na hakuna aliyeshtuka. Msomaji mmoja aliandika, "Leo Bwana Mkali kaamka vibaya," na Bi Mpole akacheka peke yake jikoni, mara ya kwanza tangu mwezi wa pili. Basi akaendelea. Vigemu kumi na kimoja vilipita hivyo, na kwa kila kimoja alihamia kile kiti. Hakujiona mwongo. Alijiambia kwamba miaka sita inatosha mtu kumjua mwenzake, na kama angekuwepo, alama zingekuwa zile zile. Hata utani alimtungia, na wasomaji wakaupenda kuliko ule aliokuwa akiutoa mwenyewe.

Aliyejua ni dada yake tu. "Mdogo wangu," alimwambia siku moja kwenye simu, "unampakulia chakula mtu aliyehama."

"Ni kazi tu, dada."

"Kazi yako ni miwani."

Na ni kweli. Asubuhi Bi Mpole alikuwa fundi wa lenzi katika duka la miwani, chumba cha nyuma, anasaga vioo hadi viingie kwenye fremu. Kazi nzuri, safi, isiyotaka maneno. Siku nyingine alifika nyumbani saa tisa akagundua kwamba neno alilolisema siku nzima ni "asante," tena aliiambia mashine ya maji, kwa mazoea.

Turudi kwenye kigemu. Kilikuwa cha kijivu, na vitufe vinne vya njia vimeunganishwa kwenye msalaba mmoja mwekundu upande wa kushoto. Boksi lilijigamba kuwa na michezo elfu tano. Bi Mpole si mtu wa kuamini maboksi, akakaa akahesabu. Ule wa ndege peke yake ulirudiwa mara arobaini na tatu, kila mara umebadilishwa jina kama mtu anayekimbia kesi. Kioo kilikuwa kizuri, hilo alilikubali. Rangi zilikolea na maandishi yalisomeka hata dirishani. Lakini mandhari ilipokimbia kwa upande picha ilichanika katikati, na spika ilikoroma hata sauti ikiwa chini kabisa. Betri iliahidiwa saa nane. Aliwasha, akaweka saa ya ukutani mbele yake, akacheza huku chai ikipoa, na baada ya saa tatu na dakika kumi kigemu kikazima bila kuaga.

Ubaya wenyewe ulikuwa kwenye ule msalaba. Ukibonyeza kulia, mara moja kati ya nne mchezo ulielewa chini. Unamtaka mtu wako aruke mbele, yeye anachuchumaa, na adui anampitia. Alijaribu kwa kidole gumba cha kushoto, akajaribu taratibu, akajaribu kwa hasira. Ilikuwa vile vile. Alifanya hata kile kipimo cha mumewe: kufumba macho, kubonyeza kitufe, na kusikiliza muda unaopita kati ya mlio wa kidole na mlio wa mchezo. Muda ulipita mwingi mno. Kwa Bwana Mkali wa kweli hicho kilikuwa kigemu cha alama mbili, na hiyo ya pili ni ya kioo.

Alhamisi akaandika alama yake mwenyewe, sita, kwa huruma zake zile zile. Akahamia kiti cha pili. Akashika kalamu, akakaa sana.

Hapa lazima tumseme bila kumficha. Miezi minane Bi Mpole alikuwa akijidanganya kwamba anaandika alama za mumewe kwa ajili ya wasomaji. Si kweli. Alikuwa akimwandikia yeye. Aliamini kwamba popote alipo, mtu yule bado anaufungua ukurasa, anaona jina lake limetumika, na iko siku atashindwa kuvumilia atapiga simu. Hakuwahi kupiga. Na Alhamisi ile, akiwa amechoka na kimya kile, Bi Mpole alipata wazo ambalo hakuna mke mwingine duniani angelipata. Kila kosa mumewe angelisamehe, isipokuwa kuambiwa amekisifu kigemu chenye msalaba mbovu. Hilo lingemtoa usingizini. Lingemkaa kooni mpaka alitapike.

Akaandika tisa.

Chini yake akatunga na maneno: "Nimekaa miaka sita nikisubiri msalaba kama huu." Ijumaa asubuhi, kabla ya kwenda dukani, akairusha makala ukurasani.

Siku ile alivunja lenzi mbili. Simu aliilaza kwenye meza ya kazi, kioo kikimtazama, na kila ilipotetema aliacha kusaga akaitazama. Maoni yalimiminika kuliko wakati wowote. Watu walipigwa na butwaa, wengine wakauliza kama Bwana Mkali kaokoka. Jumamosi jioni likaja neno la msomaji wa siku nyingi aliyejiita Baba Pacha: "Mimi husubiri neno la Bwana Mkali tu. Kwa tisa hiyo nimeagiza viwili, kimoja kimoja kwa binti zangu. Wanatimiza miaka tisa mwisho wa mwezi. Mbarikiwe nyote wawili."

Bi Mpole alilisoma mara mbili. Akajitia hamnazo. Akajisemea kwamba mumewe akishapiga simu tu, yeye atarekebisha kila kitu.

Jumapili saa kumi, akiwa anakunja nguo, simu ikalia. Ilikuwa namba ile, aliyoifuta kwenye simu lakini haikufutika kichwani. Aliiacha ilie mara tatu ili asionekane alikuwa akisubiri.

"Hujambo?" sauti ikasema.

"Sijambo. Habari za siku?"

"Nzuri tu. Sijui nimekukatisha kazi?"

"Leo Jumapili."

"Ni kweli. Siku zinanipotea." Akakohoa kidogo. "Sikiliza, kuna jambo nataka kukuuliza, ila usinielewe vibaya."

Bi Mpole alivuta kiti akakaa. Maneno yote alikuwa nayo tayari, ameyapanga tangu Alhamisi. Mtu akianza kufoka, yeye atacheka. Atamwambia kama alama hiyo haikupendezi, njoo uandike yako. Kalamu ipo, na kiti chako kipo.

"Uliza," akasema.

"Kuna kigemu kimetoka, cha kijivu, kina msalaba mwekundu. Cha bei ya chini. Umewahi kukishika?"

Akangoja. Alidhani ni utani, kwamba anakuja kwa mzunguko. Upande wa pili nao ukangoja.

"Hujaona tulichoandika?" akauliza.

"Wapi?"

"Kwenye ukurasa."

"Aa, ule ukurasa." Sauti haikuwa na ubaya wowote, na hapo ndipo palipochoma. "Sijaufungua tangu nilipoondoka. Kumbe bado upo?"

"Upo."

"Hongera. Mimi nilidhani uliacha. Basi ni hivi, kuna mtoto hapa nyumbani, wa mwenzangu. Amevunjika mguu, wiki ya pili yuko kitandani, anatuchosha. Nimekiona hicho kigemu dukani, nikasema ngoja nimuulize anayejua."

Bi Mpole alitazama ile meza. Alitazama kiti cha upande wa pili, ambacho miezi minane alikuwa akikizunguka kwenda kukikalia, na kwa mara ya kwanza akakiona kilivyo: kiti. Kumbe mtu hakuwa amekasirika akanyamaza. Hakuwa amevumilia. Hakuwa akitazama kabisa. Alama zote kumi na mbili, na utani wote, vilikuwa vya mtu mmoja anayejisemesha mezani.

Angeweza kumwambia nunua. Shetani alipita hapo, tusimwonee, alipita.

"Usinunue," akasema. "Msalaba una kasoro. Ukibonyeza kulia unakwenda chini. Mtoto atadhani kosa ni lake."

"Alama ngapi?"

"Tatu."

"Tatu yako wewe?" Akacheka, kicheko chake kile cha puani. "Basi mimi ningekipa sifuri."

Kicheko hicho Bi Mpole alikuwa amekiota, amekingojea, na sasa kilikuwa sikioni mwake, kizima, na hakikumfaa kitu.

"Siku hizi unapima na nani?"

"Peke yangu."

"Pole."

"Asante," akajibu. Wakatakiana jioni njema kama watu waliokutana benki.

Akaiweka simu mezani. Kisha akalia, si kidogo, kichwa kwenye nguo alizokuwa akikunja, na ikabidi baadaye azikunje upya. Alipomaliza kulia lilikuwa bado jua kali nje, na Baba Pacha alikuwa bado amewabariki watu wawili.

Akamwandikia huyo kwanza. "Zuia agizo lako. Ile tisa niliiandika mimi, nami najua kigemu hakifai. Nisamehe." Jibu lilikuja baada ya dakika ishirini: kwa bahati muuzaji hajatuma, agizo limefutwa. Chini aliongeza, "Lakini umenisikitisha."

Kisha Bi Mpole akafungua makala yenyewe. Aliyafuta maelezo yake yote ya upole, akaandika juu ya betri, juu ya picha kuchanika, juu ya ndege arobaini na tatu, na juu ya msalaba. Mwisho akaweka alama moja, tatu. Akaandika pia kwamba kwenye vigemu kumi na kimoja vya nyuma, tangu mwezi wa tatu, alama zote mbili zilikuwa zake, na anayetaka kumwacha amwache kwa haki.

Wengine walimwacha palepale. Wawili walimtukana, mmoja akamtumia maua ya kwenye simu. Kabla ya magharibi akaingia msomaji asiyesoma hadi mwisho, wako wengi, akauliza, "Na Bwana Mkali katoa ngapi?"

"Hakukicheza," akajibu.

"Lakini yeye mzima?"

Bi Mpole akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Mzima," akamjibu. "Ila haishi hapa."