Upatu Uliochelewa

Nilimwambia Mama Rusmini asifikirie chochote, na ubongo wake ukawaka kama soko letu la Johar mkesha wa Idi.

Yeye alikuwa amelala ndani ya tundu la mashine ya kupiga picha za ubongo, mimi nimekaa mbele ya kompyuta. Picha ya mtu aliyetulia ilitakiwa kunionyesha kitu kimoja tu: doa dogo ambamo kifafa chake huanzia. Badala yake wekundu ulitapakaa upande wa kulia wa kichwa, ukameza hata pale ambapo, jana yake, picha ilikuwa imenionyesha wimbo wake ukiwaka.

"Basi," akasema Dokta Handaru, mpasuaji wetu. "Nikikata hapo nakata na wimbo. Sikati."

Neno hilo lilinichoma. Ujanani mchana nilikaanga tofu, jibini la soya, dukani kwa baba, jioni nikaenda shule ya watu wazima nikinuka mafuta, na hata siku niliyovikwa joho la chuo kikuu wapo walioniita Profesa Tofu. Nilisoma. Nilichagua kifafa kwa sababu mtaani kwetu mgonjwa wake aliachwa alale pale alipoangukia, watu wakihofia povu lake. Nilitaka kuwaonyesha kwa picha kwamba ni cheche tu; ina mahali pake, ina mipaka.

Na sasa cheche ya Mama Rusmini haikuwa na mpaka.

Alikuwa mwimbaji wa gamelani, muziki wetu wa ngoma na patu, na harusi isiyo na sauti yake watu waliiona kama mboga isiyo na chumvi. Lakini alikuwa ameanza kuanguka jukwaani katikati ya wimbo, na walioandaa harusi wakaanza kusita kumwita. Hata hivyo, siku ya kwanza tu aliniambia waziwazi: "Profesa, kama sauti na kifafa vinaondoka pamoja, niachie vyote viwili."

Nikaenda wodini kumpa habari mbaya. Nilimkuta anafungua lemper, wali wa kunata uliofungwa kwa jani la mgomba. Mumewe Karyono, mpiga ngoma, ameketi ubavuni pake. Kabla sijasema neno, mama akanitangulia.

"Mashine yako inajua kupiga ngoma, Profesa! Ila upatu mkubwa wa kumalizia hauji. Nimeungoja mpaka nimechoka."

"Umeungoja wapi?"

"Mle ndani. Mwisho wa kila ubeti."

"Mama, si nilikwambia utulie?"

"Nimetulia! Hata ukope sikupepesa. Mdomo nimefunga, nimeimba moyoni tu. Ulitaka niwatukane wapigaji?"

Kwetu ngoma ikifika mahali pa mwimbaji naye akakaa kimya, amewadharau walioipiga. Mama Rusmini alikuwa ameipa heshima hiyo mashine ya chuma inayogonga dugu-dugu bila kujua inagonga nini. Nilicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Ule wekundu wote niliodhani ni ugonjwa, sehemu yake ilikuwa adabu.

"Basi kesho usiimbe," nikamwambia.

"Haiwezekani. Ikianza tu, naingia."

Karyono akakohoa. "Mwambie amfikirie mama yangu."

"We mwanamume! Usinichekeshe na kichwa hiki."

"Kweli, Profesa. Akimkumbuka mama haimbi hata jikoni."

"Mama mkwe ni mtu mwema sana," Rusmini akaniambia kwa heshima zote, kisha akamgeukia mumewe. "Lakini lile jambo la sufuria zangu..."

"Hilohilo," nikasema. "Ingia nalo."

Akaingia nalo. Picha iliyotoka ilikuwa na doa dogo kama punje ya karanga, na kati yake na wimbo palikuwa na nafasi ya kupitisha kidole. Handaru aliinamia kioo cha kompyuta, nami nikamsimulia kisa cha sufuria. "Hapa napita," akasema. "Mpelekeeni mama mkwe wake sufuria mpya."

Nimeandika makala nyingi tangu wakati ule, na watafiti wa nchi za mbali wamenialika nizisome mbele yao. Lakini asubuhi ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya baada ya upasuaji. Mama Rusmini amelala, kichwa kimezungushwa bandeji, hajatamka neno tangu azinduke. Karyono akasogea kitandani. Alianza kupiga taratibu kwa vidole kwenye chuma cha kitanda, akaijenga ngoma, akafika mahali pa mwimbaji.

Kimya.

Akaizungusha ngoma tena kwa subira, kama mtu anayemshikilia mgeni mlango. Akafika palepale. Handaru alikuwa ameutazama ukuta.

Sauti ikaingia. Nyembamba, kavu, lakini juu ya noti yake kama ndege juu ya waya. Ikapanda, ikakunja kona, ikashuka kuelekea mwisho wa ubeti, na hapo nikakumbuka kwamba hatukuwa na upatu. Nikanyakua kijiko, nikagonga kikombe cha bati.

Mama Rusmini hakufumbua macho.

"Umechelewa, Profesa," akasema. "Kama mashine yako."