Mkebe wa Mukantwari

"Maman Teta, kuku ya kula sambaza hivi, itataga yai ao samaki?"

Mukantwari aliuliza hivyo juu ya ua, siku Nyirahabineza alipokuwa akichanganya sambaza, vile visamaki vya ziwani, katika chakula cha kuku. Wote wawili walicheka, lakini Nyirahabineza kilimchoma kitu moyoni. Tangu afiwe na mume, yeye ndiye aliyewapelekea masista mayai ya watoto wa chekechea ya parokia. Muganza nzima ilimwita Maman Mayai. Sasa huyu jirani, aliyeanza kufuga juzi tu, alikuwa amepunguza sambaza na soya, akaongeza mahindi na pumba za mpunga, na bado mayai yake yalijaa kiganja. Hata banda lake halikunuka. Sista Benitha alilisifu mbele za watu walipotoka misa. Nyirahabineza alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Akaanza kuchungulia. Asubuhi moja akamwona Mukantwari akichota unga mweupe mkebeni, kidogo tu, kama mtu anayeonja mboga, akaukoroga katika chakula. Papo hapo akajua: chumvi ya baraka!

"Rozari nisali mimi, baraka ziende kwake?" akajisemea.

Akapeleka chumvi yake kwa padiri, ikabarikiwa. Akapunguza sambaza na soya kama alivyoona, akanyunyiza chumvi punje chache kwa ishara ya msalaba.

Wiki ya nne kuku wake walikuwa wakinyonyoana manyoya. Mayai yakawa kama ya njiwa.

Jumamosi Sista Benitha akaja kuona nani atapeleka mayai muhula ujao. Mukantwari akaingia nyuma yake na mkebe mkononi. Migongo uchi ya kuku wale alikwisha kuiona.

"Maman, sambaza ulipunguza. Mahali yake uliweka nini?"

"Chumvi ya padiri. Kama wewe."

Mukantwari akashika mdomo asicheke. "Haiko chumvi, ndugu yangu! Veterineri, daktari wa mifugo, njo alinipa. Kuku akikosa sambaza, kuna vitu anakosa mwilini. Huu unga unavirudisha. Bila huu, ni njaa unamupa. Kamata, tugawane. Na mayai tupeleke pamoja, nusu yako, nusu yangu."

Sista akafurahi. "Maman Mayai, unasemaje?"

Nusu! Miaka kumi na moja akipeleka mayai peke yake, halafu agawiwe nusu kama sadaka, na mtu aliyejifunza kufuga jana! Nyirahabineza akaushika msalaba wa rozari shingoni.

"Mayai ya madawa, Sista? Batoto bataumwa."

"Umemwona mtoto aliyeumwa?" Sista akauliza.

Nyirahabineza akaukaza msalaba kiganjani. Angeweza kusema hapana. Neno lilikuwa karibu kabisa.

"Nimemwona," akasema. "Alitapika. Alikula mayai ya huyu."

Mukantwari akaurudisha mkono aliokuwa amemnyoshea. Akafunika mkebe, akaubana kwapani, akatoka nao, unga wote ndani yake.