Mguu wa Marehemu Kwenye Breki

Alhamisi moja ya mwaka 1955, saa tisa alasiri, fundi Kalinga alikuwa amelala chini ya lori la kampuni pale Ipogolo, spana mkononi, akihitaji mtu wa kukanyaga pedeli. Breki hazitolewi upepo na mtu mmoja. Mmoja anakanyaga, mwingine anafungua skurubu huku gurudumuni, na msaidizi wake alikuwa ameenda kuzika Kilolo.

Aliyepanda kwenye usukani alikuwa Philbert, dereva wa kampuni hiyohiyo, aliyekufa Septemba iliyopita kwenye mteremko wa Kitonga.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene. Kanyaga mara tatu, ushikilie."

Kilichotoka kilikuwa maji ya kutu. Meneja ndiye aliyeagiza breki za malori ziongezwe maji, maana mafuta ya breki yanatoka mbali, Dar es Salaam. Maji hayo yakipata moto mteremkoni yanachemka, na pedeli inazama mpaka chini. Kalinga alilijua hilo, Philbert alilijua zaidi. Ofisi iliandika kwamba dereva alikuwa amelewa ulanzi, pombe ya mianzi. Ulanzi, Septemba, jamani! Mianzi ya Iringa nzima ilikuwa haitoi tone, na Philbert mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa.

"Kesho nani anateremka na hili?"

"Crispin wako."

Philbert aliondoa mguu kwenye pedeli. Crispin alikuwa mwanawe wa pekee, na leseni yake ilikuwa na wiki tatu tu.

"Mafuta ya breki yako wapi?"

"Stoo. Debe zima, meneja kaliweka kwa ajili ya gari lake. Ufunguo anao yeye."

Philbert alishuka, akaingia stoo, akatoka na debe. Kufuli lilibaki limefungwa. Debe lilipitaje, Kalinga hakuuliza. Bado alikuwa na magurudumu manne ya kumaliza.

Wakafanya kazi. Kanyaga, shikilia, achia. Mapovu yakaisha, mafuta yakaja safi, pedeli ikawa ngumu. Kalinga alifurahi mpaka akacheka peke yake kule chini.

Ijumaa Crispin aliteremka Kitonga na magunia ya mahindi. Jumapili akarudi mzima.

"Breki zinashika vizuri, fundi."

"Baba yako ndiye aliyekanyaga."

"Akija tena, mwambie mama anamsalimu."

Ofisini karatasi ya Philbert iliendelea kusema ulanzi, na meneja akaagiza malori mengine yaongezwe maji kama kawaida.

Jumatatu asubuhi Kalinga alikuta watu saba wamesimama uani. Wote walikuwa madereva wa kampuni, wote wafu, na kwa maandishi ya ofisi wote walikufa wamelewa. Wawili hakuwafahamu, walikufa kabla hajaajiriwa. Aliwasalimu mmoja mmoja, akawaambia wasisukumane, mafuta yatatosha.

"Haya, nani anaanza?"

Mkubwa wao akavua viatu, akapanda kwenye usukani wa lori la kwanza.