Sakafu ya Vitabu

Mlango wa maktaba ulifunguka upana wa kiganja, kisha ukagoma. Paskazia akausukuma kwa bega. Kitu laini na kizito kikamrudishia mlango taratibu, kama mtu aliyelala anayejigeuza. Kwenye upenyo akaona weupe. Pamba. Pamba kutoka kizingitini hadi kwenye kenchi za paa, imeshindiliwa mpaka madirisha yamekosa pumzi.

Begi lilikuwa bado begani. Ndani yake mlikuwa na cheti, kimeviringishwa ndani ya kanga kisikunjike, na kifurushi cha mrututu. Mwalimu wa kozi kule Dar es Salaam alikuwa amewafundisha kuutia unga huo wa buluu kwenye gundi ya muhogo, ili wadudu wasisogelee kitabu kilichobandikwa. Njia nzima kwenye treni Paskazia aliulinda mrututu ule kuliko chakula chake.

"Bibi Cheti! Mbona umerudi kimya kimya kama mgoni?"

Alikuwa Zuwena, mpishi wa shule, ametoka jikoni na mwiko mkononi.

"Shikamoo, dada Zuwena."

"Marahaba. Ebu nikuone. Mtu anatoka Dar mwembamba kuliko mwiko wangu! Huko hawali?"

"Dada, nani kaweka pamba humu?"

"Si kijiji kizima. Baba yako ndiye alikuwa fundi wa kupanga."

"Na vitabu?"

Zuwena aliukung'uta mwiko kwenye nguzo ya baraza, ingawa haukuwa na kitu.

"Vimo humo humo."

"Humo wapi?"

"Chini, mdogo wangu. Vimelala chini."

Miaka minne kabla ya hapo chumba kile kilikuwa stoo ya vitabu tu, na Paskazia alikuwa mhudumu, mtu wa ufagio na ndoo. Mumewe alikuwa amekwenda Geita kuchimba dhahabu, akaandika mara moja, kisha Geita ikamnyamazisha. Paskazia aliishia darasa la saba. Lakini kila alipofagia stoo alifungua kitabu kimoja na kukifuta vumbi ukurasa kwa ukurasa, na mtu anayefuta ukurasa hukuta ameshausoma. Akaanza kuvitenga: vya mimea huku, vya nchi za watu kule, hadithi karibu na dirisha, kila kimoja na namba yake ya chaki mgongoni. Vilivyochanika alivishona kwa uzi wa gunia, na migongo yote akaipaka gundi ya muhogo. Wanafunzi wakaanza kuja saa ya mapumziko. Wapo waliofuata kitabu, na wapo waliofuata kivuli kwa sababu hawakuwa na cha kula. Paskazia aliwajua wote, na wale wa kivuli aliwapa vitabu vyenye picha nyingi, ili saa ipite.

Mwalimu mkuu, Akida, aliyaona hayo. Hakuwa mtu mbaya. Alimhangaikia nafasi ya kozi ya ukutubi, na siku ya kumuaga alimwambia neno moja Paskazia akaenda nalo hadi Dar: "Ukirudi na cheti, na mkaguzi akaikuta maktaba imepangwa, nitakuombea cheo cha mkutubi wa shule. Ufagio utampa mwingine."

Basi akasoma. Akajifunza kukipa kitabu namba kulingana na habari yake, na kuiandika namba ile kwenye mgongo kwa wino usiofutika. Akajifunza kuandika kadi, kubandika mfuko nyuma ya jalada, kugonga mhuri kwenye ukurasa wa mbele na kwenye mwingine wa katikati asioujua mwizi. Akajifunza kwamba mkutubi si mlinzi wa vitabu. Ni mtu anayejua kitabu gani kinamngoja nani. Usiku, kwenye kitanda cha juu cha bweni, alikipanga upya chumba chake cha kijijini Samuye rafu kwa rafu, gizani, akiwa amefumba macho.

Na sasa chumba kile kimejaa pamba.

Mwalimu Akida alimpokea akiwa amesimama, dalili ya mtu asiyetaka mazungumzo yakae.

"Nilikataa, Paskazia. Wallahi nilikataa. Amri ikatoka juu: madarasa mawili, bwalo, na maktaba. Mpaka malori yapate mafuta, yaje kuibeba."

"Yanakuja lini, Mwalimu?"

"Wiki ijayo."

Hiyo wiki ijayo ilikuwa imetajwa tangu Agosti, na Oktoba ilikuwa inakwisha.

Malori yalikuwepo; watu wa Samuye hawajalisahau hilo mpaka leo. Yalipita barabara kuu mchana kweupe, yamejaza watu wanaopelekwa kupunga matawi kwenye mapokezi ya mheshimiwa. Sabiti, mwenye duka, aliyakuta Kalangalala, kule Geita, yakishusha kreti za bia kwa wachimbaji. Kwa bia mafuta yalipatikana. Kwa pamba hayakupatikana. Na redioni, jioni, mtu mwenye sauti ya shibe aliiita pamba hiyo dhahabu nyeupe. Hakuwahi kulala nje kuilinda na ng'ombe.

Mzee Maganga, babake Paskazia, alikuwa nyuma ya bwalo, akikaza kamba za turubai juu ya rundo lililokosa chumba. Alipomwona binti yake alitupa kamba, akampangusia vumbi la safari usoni kwa kiganja, kama mtoto.

"Mayu, mama yangu! Umekuja! Wamekupa hiyo karatasi?"

"Wamenipa, Baba. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba." Akacheka peke yake. "Umeiona kazi yangu mle ndani?"

Mzee akamshika mkono, akampeleka dirishani kwenye maktaba, akatia vidole kwenye pamba kama anayefunua shuka.

"Pamba ikigusa simenti inavuta unyevu, inaoza kuanzia chini. Lazima uinyanyue. Enzi zetu tungekata fito. Sasa fito utaipata wapi Samuye? Nchi imebaki kipara, hata mpini wa jembe tunanunua. Tukalaza rafu zako. Zikafika katikati ya chumba, zikaisha. Watu wakasema basi, tuimwage hivyo hivyo. Nikasema ngojeni. Vitu vya Paskazia vimenyooka kuliko matofali. Nikavipanga mwenyewe, mayu. Kikubwa na kikubwa, kidogo na kidogo, kama ulivyokuwa unafanya wewe. Na mtu hakuingia na viatu. Niliwavua wote viatu mlangoni, hata mwenyekiti."

Alikuwa anangoja asifiwe. Paskazia alitazama miguu ya baba yake, katambuga za tairi zilizokatika kisigino, akamwona akiwa amepiga magoti kwenye simenti, akilaza kitabu baada ya kitabu kwa mikono isiyojua herufi hata moja, kwa uangalifu wote aliokuwa nao.

"Baba," alisema, "vitabu vinaliwa na mchwa."

"Mchwa hawapandi simenti."

"Simenti ile ina nyufa. Nilikuwa naifagia, naijua. Na nyuma ya kila kitabu nimepaka gundi ya muhogo. Ile ni ugali kwao."

Mzee Maganga alikuwa mkulima, mchwa hakuhitaji kufundishwa. Akaondoa vidole dirishani.

"Mkaguzi anakuja Januari," Paskazia akaendelea. "Asipoikuta maktaba, hakuna mkutubi. Cheti hiki nitafungia karanga. Kukiondoa kilichomo ni kazi ya siku moja, Baba. Tutoe pamba, nichukue vitabu nivipeleke hata jikoni kwa Zuwena, pamba irudi."

"Irudi juu ya nini?"

Kufikia alasiri wanaume walikuwa wamekusanyika barazani. Bujiku, mwenyekiti wa kijiji, alikuja ameshika kofia.

"Dada mkutubi," alisema, na lile neno, la kwanza kutamkwa na mtu yeyote wa kijiji, likamchoma Paskazia badala ya kumfurahisha. "Funguo ni zako. Mzee Maganga ametuambia. Ukisema tutoe, tutatoa. Pamba ya baba yako iko mlangoni, ndiyo itakayotangulia nje."

"Itoke," alisema Mzee Maganga. "Ya kwangu itoke. Mimi ni mzee, nimezoea."

Hakuna aliyecheka. Upande wa mashariki wingu lilikuwa limesimama, jeusi chini na jeupe juu, na upepo uliotangulia ulikuwa tayari unanukia udongo mbichi. Turubai za nyuma ya bwalo zilikuwa zinapigapiga. Kila mmoja aliyesimama pale alikuwa na mwaka wake mzima ndani ya chumba kile: ada, dawa, shuka ya kumzikia mtu.

Paskazia alilitazama wingu. Kisha akamtazama baba yake, aliyekuwa amekwisha kukunja mikono ya shati.

"Acheni," alisema.

"Unasemaje?"

"Nimesema acheni. Funga dirisha hilo, Baba, mvua isiingie."

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi kumbikumbi walitoka. Walichomoza kwenye ufa wa baraza ya maktaba, wengi mno, wakipanda hewani na mbawa zao zikiwaka juani, na shule nzima ikatoka na mabeseni na ndoo, vicheko vitupu. Hakuna nyama ndogo inayopendwa kama hiyo. Zuwena alikaanga sufuria, akatia chumvi, akamletea Paskazia kibakuli.

"Kula, Bibi Cheti. Wa moto."

Paskazia alikuwa amechuchumaa kando ya ufa, akitazama walikotokea.

"Hawa wametoka chini ya sakafu yangu, dada."

Zuwena alikiangalia kibakuli. Taratibu akakirudisha nyuma ya upaja wake, kama mtu aliyeleta kicheko kwenye msiba.

Paskazia alimimina mrututu wote kwenye ndoo ya maji, akaumwaga kwenye ufa. Maji ya buluu yakazama, yakaacha ukingo wa rangi kwenye simenti. Alijua hautoshi. Mrututu uliletwa kwa ajili ya gundi, vijiko viwili vitatu. Nyumba ya mchwa huko chini huenda ilikuwa pana kuliko shule.

Mkaguzi alikuja Januari, na suti ya kaunda na kalamu mbili mfukoni. Alisimama mlangoni pa maktaba.

"Maktaba ndiyo hii?"

"Ndiyo, bwana."

"Vitabu viko wapi?"

"Chini ya pamba."

Akadhani anataniwa. Mwalimu Akida akakohoa, akaanza kueleza habari ya amri, ya malori, ya wiki ijayo. Mkaguzi akasikiliza, akitazama saa. Mwisho akamgeukia Paskazia, na kwa kweli hakuwa na ukali.

"Kozi umeifanya vizuri, mama, nimeona. Lakini siwezi kuandika kwamba pana mkutubi mahali ambapo sijaona kitabu. Chumba kikifunguliwa, nijulisheni."

Paskazia akarudi kwenye ufagio. Kila asubuhi alifagia baraza ya maktaba, akafuta vijia vya udongo vilivyopanda ukutani usiku. Kila asubuhi vilikuwa vimerudi. Kichanga kikavu kilikuwa kinamwagika kidogo kidogo chini ya mlango, na yeye alikizoa, akaenda kukimwaga mbali, bila kumwambia mtu.

Lori lilikuja Machi. Moja, si malori. Likaenda na kurudi mpaka vyumba vyote vikabaki vitupu. Pamba ya maktaba ilitoka nyeupe, kavu, isipokuwa tabaka la chini kabisa lililopata doa la kahawia. Mpimaji akaisugua baina ya vidole, akasema daraja la kwanza. Wanaume wakapiga mluzi. Mtu akamwinua Mzee Maganga juu juu, akamzungusha kama bwana harusi, na Mzee akawa anasema, "Nishusheni, nishusheni," huku macho yakitafuta mlango wa maktaba.

Paskazia alikuwa ameshaingia.

Chumba kilikuwa kikubwa kuliko alivyokikumbuka. Pale zilipolazwa rafu, yalibaki maganda membamba yaliyovunjika kwa kuguswa. Kisha zikafuata safu za vitabu, na kwa kitambo kidogo moyo wake ulimdanganya, maana majalada yalikuwa mahali pake, yamenyooka, kikubwa na kikubwa, kidogo na kidogo. Namba zake za zamani za chaki zilikuwa bado zinasomeka. Akapiga magoti, akainua kimoja. Kilikuwa kizito. Jalada likafunguka kama kawaida, na ndani mlikuwa na udongo, umekandwa vizuri, umechukua umbo la kitabu kamili mpaka kwenye pembe.

Akafungua kingine. Udongo. Na kingine.

Nyuma yake alisikia katambuga zikivuliwa kizingitini. Mzee Maganga aliingia bila viatu, akachuchumaa karibu yake. Nje watu walikuwa wanalisukuma lori, limegoma kuwaka, wakiimba.

Mzee aliokota jalada moja, akalipangusa kwa shati.

"Hiki kilikuwa kinasema nini?"

"Hicho cha moyo. Jinsi damu inavyozunguka mwilini."

"Mh." Akakiweka pembeni, polepole. "Na hiki?"

"Ramani. Nchi zote."

"Na hiki?"

"Hesabu za kidato cha pili."

"Hapo mchwa walikiona cha moto," alisema Mzee, na Paskazia akatoa sauti iliyoanza kama kicheko, haikumalizikia hivyo. Mzee alingoja mpaka ikaisha. Kisha akaokota kingine, chembamba, jalada jekundu, akakishika kwa mikono miwili.

"Na hiki je, mayu?"

Paskazia alikitazama. Alikipindua, akatazama mgongo, akakirudisha mikononi mwa baba yake.

"Hicho sikukisoma. Kilikuja siku niliyosafiri. Nikasema nitakisoma nikirudi."

Nje lori likawaka, watu wakapiga kelele, na mngurumo wake ukaondoka ukipungua upande wa barabara kuu. Mzee Maganga aliketi sakafuni, akakilaza kile kitabu juu ya magoti yake, akaweka viganja vyote viwili juu ya jalada, asimwage kilichomo. Vile vingine vyote alikuwa ameviweka pembeni. Kile hakukiweka.