Hesabu ya Mbaazi Pale Mnarani

Ndanu alinishika mkono nje ya kanisa pale Riruta, basi likiwa linapakia, akaniambia niende na mama yake na nirudi naye. "Mjomba, ukirudi peke yako sikufungulii mlango." Hakuwa anatania. Mama yake, Wavinya, ni dada yangu. Mwanawe mwingine, kijana wake Mwendwa, alianguka kutoka mnara wa taa wa Ras Mwamba miaka tisa iliyopita, akiupaka chokaa. Bahari ilimchukua na haikumrudisha. Sasa watu wa kanisa walikuwa wanaenda Pwani kutembea, na mnara huo ulikuwa kwenye orodha. Wavinya ndiye aliyejiandikisha wa kwanza.

Mwenyekiti wa safari alikuwa Nzembi, mwalimu mstaafu anayekaa Jamhuri. Kwetu Ukambani mtu hahesabiwi kwa kidole. Ukihesabu watu, umekionyesha kifo pa kuchagua. Kwa hiyo Nzembi alibeba kopo la mbaazi. Ukishuka kwenye basi unachukua punje moja, ukipanda unaitumbukiza. Watu thelathini na mmoja, punje thelathini na moja. Zikitimia, dereva anawasha gari. Vijana wa kwaya walimcheka, wakamuuliza kama jioni atazipika na nazi. Akawaambia anayecheka ataachwa Pwani aolewe na mamba.

Siku ya pili tuliona magofu ya msikiti wa kale, tukaingia pango la popo, na saa nane mchana tukafika mnarani. Ni mnara mweupe, ngazi za chuma zinazunguka ndani kwa ndani mpaka kichwa kinauma. Mlinzi alitueleza taa iliwekwa enzi za Waingereza, siku hizi inatumia sola. Baadaye alinivuta kando. Alisema upande wa baharini chokaa haikai. Wakipaka, wiki haiishi kabla ya kuonekana alama za viganja, kuanzia majini kwenda juu. Sikumwambia Wavinya.

Saa kumi tukaondoka kurudi Nairobi. Nzembi alisimama mlangoni macho kwenye kopo, punje zikaanguka, akazihesabu, zikatimia. Wanawake walikaa mbele, sisi wanaume nyuma. Niliona leso ya Wavinya imeegemea dirisha, nikafikiri amelala. Tulipokwisha kwenda kama kilomita ishirini nikampelekea maji. Leso ilikuwa peke yake.

Nzembi alihesabu tena, mara tatu. Thelathini na moja. Halafu akanionyesha punje moja kwenye kiganja chake. Ilikuwa imelowa na kuvimba, kama iliyolala majini. Nilimuuliza ni nani aliyeiweka. Akasema hakutazama uso, alikuwa anatazama kopo. Mkono aliuona. Mkono wa mwanamume, una chokaa kwenye vidole.

Hata wale wa kwaya hawakucheka. Dereva aligeuza gari bila kuambiwa.

Wavinya alikuwa amekaa kwenye mawe chini ya mnara, viatu kando, maji yanayojaa yamemfika magotini. Nilimwambia twende. Akanijibu, bila kugeuka, kwamba hana punje.

"Nilimpa Mwendwa. Amesema nafasi ni moja tu. Yeye aende nyumbani, mimi nipumzike hapa."

"Wavinya, inuka."

"Nikiinuka atashushwa. Nzembi unamjua, hachukui mtu wa ziada."

Wimbi likampiga kifuani. Mimi nina miaka sabini na miwili, na mawe yale yana utelezi, singeweza kumbeba. Nikasema lililokuja mdomoni. Nikasema hashushwi mtu, nimeshaongea na Nzembi, kijana amekaa nyuma karibu na kiti changu, na anauliza mama yuko wapi.

Aligeuka akanitazama. Kisha akanipa mkono.

Tulirudi ndani ya basi. Wavinya hakukaa mahali pake. Alipita moja kwa moja mpaka nyuma, akakaa kwenye kiti changu, akalaza mkono juu ya kile cha dirishani. Kitambaa cha kiti hicho kitupu kilikuwa kinachuruzika maji. Dirisha lilikuwa limefungwa, na mvua haikuwa imenyesha tangu tufike. Mimi nilikwenda mbele nikakaa kando ya dereva, na mpaka Nairobi sikugeuza shingo.

Tulifika Riruta jua likichomoza. Ndanu alimkumbatia mama yake, akalia, akanishukuru mpaka nikaona haya. Akasema chai iko tayari na kitanda changu kimetandikwa, nikae hata mwezi. Wavinya alikuwa amesimama pembeni. Mikono yake ilikuwa inanyoosha kitu hewani, juu kidogo ya kichwa chake, kama mama anayemwekea kola vizuri mtoto aliyemzidi urefu.

Nilimwambia Ndanu nina shughuli Kangemi. Nikachukua mfuko wangu nikaenda kwa miguu.

Sikuwa na shughuli yoyote Kangemi.