Sufuria Uvunguni mwa Kitanda

Jumatatu, tarehe 27 Machi 2023. Mvua ilikuwa imekatika, na asubuhi hiyo ukungu ulilala juu ya mto Shire kama moshi wa kuni mbichi. Kwenye uwanja wa kanisa, walikohifadhiwa watu ambao nyumba zao zilichukuliwa na mafuriko, Mai Fereza, yaani Mama Fereza, alikuwa akisonga nsima, ugali wa huko, katika sufuria kubwa ya kina mama. Kila nyumba iliyosalimika ilileta unga kadiri ilivyojaliwa. Mwenye njaa alikuja na sahani, wala hakuulizwa neno.

Chifu Gundani akaja, redio kwapani.

"Zimeni moto, kina mama. Mahindi ya serikali yanakuja kesho."

"Yakija tutazima, chifu," Fereza akajibu.

"Mai, mwaka wa ukame watu wa serikali waliwakuta wenzetu wa ng'ambo ya mto wanakula, wakageuza gari. Aliyeshiba hapewi. Ficheni sufuria, tuonekane na njaa."

"Mimi hata nikishiba sura ni hii hii," mama mmoja akasema, wakacheka.

Fereza alimtazama Bibi Dorika, mjane asiyebakiwa na nyumba wala mbuzi, ameketi na sahani mapajani. Moyo ukasita. Lakini chifu ni chifu, na gari lingelisha wengi kuliko sufuria moja. Akamwagia moto maji. Unga uliobaki ukarudi majumbani.

"Bibi, ukizidiwa njoo kwangu."

"Nije kuomba, mwanangu? Hapa nilikuwa nakula. Mlangoni kwako nitakuwa ombaomba."

Kesho ikafika, gari halikufika. Daraja lilikuwa limevunjika. Fereza alipotaka kuwasha tena, chifu alimwambia, "Vumilia, wako njiani." Akavumilia. Kila jioni alipiga magoti kumwomba Mungu alete gari, na sufuria ile, safi, imefunikwa uvunguni mwa kitanda hicho hicho alichokiegemea.

Bibi Dorika hakubisha hodi kwa mtu. Alikwenda kinamasini kuchimba viazi vya mayungiyungi, yale maua ya majini, chakula cha watu wa mto mwaka wa njaa, mahali ambapo mamba naye hutafuta chake. Lilipatikana beseni lake tu.

Gari liliingia watu wakiwa matangani. Ofisa akashuka, akauliza kwa upole nani aliyekuwa akiwalisha watu hawa. Chifu akatazama chini.

"Sisi," Fereza akajibu. "Tukaacha, ili mtukute na njaa."

Ofisa akatikisa kichwa. "Mai, tungeshusha mahindi vilevile. Tungefurahi kukuta moto."

Fereza alikwenda nyumbani, akarudi na sufuria kichwani, akaitua juu ya mafiga mbele ya waombolezaji, chifu na ofisa.

"Nisikieni nyote, na Mungu anisikie. Gari lije, lisije, maadamu kuna mwenye njaa hapa, moto huu sitauzima tena."